Upepo wa Milburn, Cumbria, na Namna ya Kusoma Utabiri Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu kijiji cha Milburn, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na vijiji jirani vilivyo chini ya ukuta uleule wa milima: Kirkland, Ousby, Melmerby, Dufton na Murton. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Milburn iko wapi, na kwa nini upepo wake unahitaji maelezo yote haya?

Milburn ni kijiji cha mkoa wa Cumbria, katika bonde la mto Eden, kati ya miji ya Penrith na Appleby. Nyumba zake zimejipanga kuzunguka uwanja mpana wa majani, zikielekeza milango ndani na kuupa ulimwengu mgongo. Kilomita sita hivi kutoka hapo, upande wa kaskazini-mashariki, umesimama mlima Cross Fell wenye kimo cha mita 893, ambao ndio mrefu kuliko yote katika safu ya Pennines. Pembeni yake upo Great Dun Fell, mita 848, unaotambulika kwa kuba jeupe la rada ya usafiri wa anga.

Kijiji chenyewe kiko kwenye kimo cha takriban mita 200 tu, kwa hiyo ardhi inashuka karibu mita 700 katika kilomita chache. Upande wa mashariki wa milima hiyo, kuelekea Alston na chanzo cha mto Tees, mteremko ni wa taratibu sana. Mlima unaopandwa polepole upande mmoja na kuporomoka ghafla upande wa pili huufanyia upepo jambo ambalo tambarare haiwezi kulifanya, na jambo hilo ndilo kiini cha majibu mengi yanayofuata.

2. Upepo wa kawaida wa kijiji hutoka wapi?

Hutoka kusini-magharibi na magharibi, kama ilivyo karibu Uingereza nzima, kwa sababu mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa huingia kutoka bahari ya Atlantiki. Huwa mkali zaidi katika miezi ya baridi. Milima ya Lake District iliyo ng'ambo ya bonde hupunguza sehemu ya nguvu yake na ya mvua yake, na bonde lenyewe, linaloelekea kaskazini-magharibi, huupinda upepo ufuate mkondo wake. Kwa upepo wa upande huu, namba za utabiri wa kawaida zinaaminika vya kutosha.

3. Utabiri ukisema «kaskazini-mashariki», upepo unatoka huko au unakwenda huko?

Unatoka huko. Kanuni ni ileile ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako kaskazi huitwa hivyo kwa sababu hutoka kaskazini. Tahadhari iliyopo ni kuhusu mishale ya kwenye simu: programu nyingi huchora mshale unaoonyesha upepo unakoelekea, hivyo upepo wa kaskazini-mashariki huonekana kama mshale unaolenga kusini-magharibi. Soma herufi za upande kwanza, ndipo uangalie mshale.

4. Kasi hupimwa kwa kipimo gani?

Utabiri wa umma nchini Uingereza hutolewa kwa maili kwa saa. Maili moja kwa saa ni kilomita 1.6 kwa saa. Mabaharia na marubani hutumia noti, yaani maili ya baharini kwa saa, na noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Ukikuta mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa.

Msomaji aliyezoea tahadhari za Tanzania, zinazotaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, ajue kwamba hiyo ni sawa na maili 25 kwa saa. Kasi hiyo ni hatari kubwa kwa mtumbwi ulioko baharini, lakini kwa kijiji cha bara kama Milburn ni siku yenye upepo tu.

5. Kuna tofauti gani kati ya kasi ya wastani na mvumo wa ghafla?

Kasi ya wastani ni ile iliyopimwa kwa dakika 10. Mvumo wa ghafla ni kilele cha sekunde tatu. Katika maeneo ya bara, mvumo wa ghafla mara nyingi hufikia mara moja na nusu hadi mara mbili ya wastani, na huo ndio unaong'oa vigae na kumyumbisha mtu njiani. Kipimo cha Beaufort cha nguvu ya upepo, kilichotungwa na Francis Beaufort mwaka 1805, hutumia wastani: daraja la 8, ambalo ni dhoruba, huanza maili 39 kwa saa. Ukiwa Milburn, zipe kipaumbele namba za mvumo wa ghafla.

6. Mbona utabiri unasema upepo mkali, lakini nikisimama katikati ya kijiji sihisi kitu?

Kasi inayotabiriwa ni ya kimo cha mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi. Uwanja wa Milburn umezingirwa na nyumba za mawe pande zote. Toka nje ya mzingo huo kwa hatua chache, kuelekea mashambani, nawe utaukuta upepo ulioandikwa.

## Upepo wa Helm

7. Helm ni nini hasa?

Helm ni upepo wa kaskazini-mashariki unaoporomoka kutoka Cross Fell na vilele jirani hadi vijiji vilivyo chini yake. Hutajwa kuwa upepo pekee wa Uingereza wenye jina lake wenyewe. Hauvumi kwa vishindo vya kuja na kupita kama dhoruba. Hushuka mfululizo, ukiwa na mngurumo usiokatika unaosikika hata ndani ya nyumba zenye kuta nene.

Masimulizi ya zamani yanadai kwamba Cross Fell uliitwa mlima wa mashetani, mpaka mtakatifu mmoja alipopanda na kusimika msalaba kileleni. Masimulizi hayo hayatupi sababu ya upepo, ila yanatuonyesha jinsi watu walioishi chini ya mlima huo walivyouogopa.

8. Unatokeaje?

Yanahitajika mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni mkondo thabiti wa hewa ya kaskazini-mashariki, unaoipiga safu ya milima karibu kwa pembe mraba. La pili ni tabaka la hewa yenye joto zaidi lililotanda juu kidogo ya vilele, ambalo huizuia hewa ya chini isipande zaidi. Hewa baridi hupanda taratibu kwenye mteremko wa mashariki, hubanwa kati ya kilele na tabaka hilo, kisha humwagika upande wa magharibi kwa kasi kubwa.

Ikifika chini haitulii. Hurushwa juu tena na kufanya wimbi kubwa lililosimama mahali pamoja juu ya bonde, na chini ya wimbi hilo hewa huzunguka kwa vurugu. Ndiyo sababu Helm unaweza kuvuma siku nzima bila kusogeza mpaka wake ila kidogo.

9. Nitautambuaje nikiwa nje?

Tazama kileleni. Wingu jeupe lenye ukingo laini huwa limelala juu ya Cross Fell kama mto wa pamba uliowekwa juu ya ukuta, na halisogei ingawa upepo unavuma kwa nguvu; hilo ndilo wingu linaloitwa Helm. Kisha geuka magharibi utazame juu ya bonde: kilomita chache kutoka milimani utaona mkanda mwembamba wa wingu jeusi, uliolala sambamba na safu ya milima, nao pia umesimama. Wenyeji huuita Bar. Kati ya mawingu hayo mawili mara nyingi kuna ufa wa anga la buluu.

Ukiutazama mkanda huo kwa makini utaona kwamba mawingu yake hujiumba upande mmoja na kuyeyuka upande wa pili bila kukoma. Wingu limesimama, lakini hewa inayoliunda inapita muda wote.

10. Je, ni kweli kwamba unaisha ghafla ukitembea kuelekea magharibi?

Ni kweli. Chini ya Bar upepo hukatika, na mara nyingine ng'ambo yake kuna upepo hafifu unaotoka upande wa pili kabisa, yaani magharibi. Mara nyingi Helm haufiki mbali zaidi ya mto Eden, kwa hiyo Appleby au Penrith zinaweza kuwa na utulivu huku Milburn ikitikiswa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo muhimu kuliko yote kwa anayesoma utabiri wa eneo hili, kwa sababu watu wengi hutafuta utabiri wa mji ulio karibu na kuuchukulia kuwa ni wa kijiji.

11. Huvuma msimu gani, na kwa muda gani?

Unaweza kuja mwezi wowote, lakini hutokea zaidi mwishoni mwa majira ya baridi na katika machipuko, ambapo upepo wa mashariki huongezeka nchini. Unaweza kudumu saa chache au siku kadhaa mfululizo.

12. Mbona ni baridi, ilhali hewa inayoshuka hupata joto?

Hewa inayoshuka hupata joto la takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100. Kwa hiyo hewa iliyokuwa nyuzi 0 kileleni inaweza kufika kijijini ikiwa na nyuzi 7 hivi. Hata hivyo imetoka bahari ya Kaskazini, ambayo katika machipuko bado ni baridi, na kasi yake huunyang'anya mwili joto: nyuzi 5 pamoja na upepo wa maili 30 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 1 chini ya sifuri. Kushuka huko pia huikausha hewa, ndiyo maana Helm wa siku nyingi hukausha majani na miche ya bustani.

13. Nani aliuchunguza kisayansi?

Mchango mkubwa ni wa Gordon Manley, mtaalamu wa jiografia na tabianchi, ambaye katika miaka ya 1930 aliweka kibanda cha vipimo kwenye Great Dun Fell na kuupanda mlima huo mara kwa mara katika hali ya hewa ambayo wengi wangebaki ndani. Maelezo yake kuhusu Helm yalichapishwa mwaka 1945, na wazo la wimbi lililosimama, lililoelezwa katika swali la 8, lilipata nguvu kutokana na kazi hiyo. Manley ndiye pia aliyejenga mfululizo wa joto la Uingereza ya kati, unaoanzia mwaka 1659. Anastahili kukumbukwa kwa heshima, kwani alipanda mlima kwenda kuupima upepo pale unapozaliwa, wakati ambapo hakukuwa na kifaa cha kumtumia taarifa nyumbani.

## Kusoma utabiri

14. Nitumie utabiri wa nani?

Anza na Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1854, ambayo modeli yake ya ndani ya nchi, yaani hesabu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa, huigawa ardhi katika miraba ya kilomita 1.5. Andika jina la Milburn lenyewe, si Penrith. Kisha soma utabiri wa milima wa North Pennines, kwa sababu upepo wa kileleni ndio utakaoshuka kijijini. Mwisho, angalia vipimo halisi: kuna kituo juu ya Great Dun Fell na kingine Warcop, katika bonde hilohilo.

15. Kwa nini programu mbili za simu zinatoa namba tofauti kabisa?

Programu nyingi hutumia modeli za dunia nzima, ambazo miraba yake ina upana wa kilomita 9 au zaidi. Katika mraba wa namna hiyo Cross Fell husawazishwa pamoja na mabonde yake, ukawa kilima cha kawaida kisicho na ukuta. Modeli isiyouona ukuta haiwezi kuuangusha upepo kutoka juu yake. Siku ya upepo wa kusini-magharibi programu hizo zitakaribiana; siku ya kaskazini-mashariki zitatofautiana, na ile yenye miraba midogo ndiyo ya kusikilizwa. Hata hiyo inaweza kukosea saa ya kuanza, kwa kuwa tabaka la hewa lililotajwa katika swali la 8 likipanda au kushuka kidogo tu, matokeo kijijini hubadilika.

16. Ninawezaje kuuona Helm ukija, kabla programu haijasema?

Fungua ramani ya mgandamizo wa hewa. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo uko mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo tafuta mgandamizo mkubwa ulioko kaskazini au kaskazini-magharibi, kwa mfano kati ya Scotland na Iceland, na mgandamizo mdogo ulioko kusini-mashariki, kuelekea Ufaransa na Ubelgiji. Mistari ya ramani ikibanana na kupita juu ya Pennines kutoka kaskazini-mashariki, na utabiri wa milima ukitaja wingu linalofunika vilele huku mabonde ya magharibi yakiwa makavu, jiandae.

Siku kama hiyo, upepo wa wastani wa maili 15 au 20 kwa saa ulioandikwa kwa mji wa jirani usikutulize.

17. Utabiri unaaminika kwa siku ngapi mbele?

Upande wa upepo hujulikana vizuri siku tatu hadi tano kabla. Nguvu ya mvumo wa ghafla kijijini, ichukulie kwa uzito katika saa 36 za mwisho tu. Namba ya saa fulani ya siku ya kumi ni makadirio, haifai kupangia kazi.

18. Tahadhari za njano, kahawia-njano na nyekundu zina maana gani?

Rangi haitokani na kasi peke yake. Met Office hupima madhara yanayotarajiwa pamoja na uwezekano wa kutokea. Njano inaweza kumaanisha madhara madogo ambayo karibu yana hakika, au madhara makubwa yenye uwezekano mdogo, hivyo soma maandishi yaliyo chini ya rangi. Nyekundu ni hatari kwa maisha: usisafiri.

19. Je, Helm hupewa jina kama dhoruba nyingine?

Hapana. Tangu mwaka 2015 Met Office na Met Éireann ya Ireland huzipa majina dhoruba zinazotarajiwa kuleta madhara makubwa, na ya kwanza ilikuwa Abigail. Helm mara nyingi huja wakati sehemu kubwa ya nchi iko shwari, kwa hiyo huweza kuvuma bila jina jipya na bila tahadhari yoyote ya rangi. Kutokuwepo kwa tahadhari si ushahidi kwamba Milburn itakuwa salama kwa hema au ngazi.

## Kazi na safari

20. Wafugaji wafanye nini wakati wa kuzaa kondoo?

Kwenye mashamba ya milimani kondoo wengi huzaa mwezi Aprili, ndani kabisa ya msimu uliotajwa katika swali la 11. Mwanakondoo aliyezaliwa sasa hivi, akiwa bado na maji mwilini, anaweza kufa kwa baridi ya upepo hata kama kipimajoto hakijafika sifuri. Chagua malisho yenye ukuta wa mawe upande wa kaskazini-mashariki, maana kinga iliyozoeleka ya kusini-magharibi haifai siku hiyo, na waingize bandani walio dhaifu kabla upepo haujaanza. Ukiona kondoo wamejibanza upande wa ukuta ambao kwa kawaida hawaulali, wameshauhisi.

21. Naweza kupanda Cross Fell siku yenye Helm?

Sishauri. Njia ya Pennine Way hupita kileleni baada ya kutoka Dufton, na kilele chake ni tambarare pana isiyo na kinga, ambayo siku hiyo imo ndani ya wingu lililoelezwa katika swali la 9. Utatembea ukiupinga upepo bila kuona mbele. Kibanda cha Greg's Hut kipo chini kidogo ya kilele, upande wa kaskazini, lakini kukitafuta katika ukungu na upepo huo si mpango wa safari.

22. Barabara zipi huathirika?

A66 inayovuka Stainmore mara kwa mara hufungiwa magari marefu upepo unapozidi, na A686 inayopanda Hartside, penye kimo cha karibu mita 580, iko wazi kabisa. Mwenye lori tupu au trela la farasi aangalie taarifa za barabara kabla ya kuondoka.

23. Umeme ukikatika?

Piga 105, namba ya bure ya Uingereza ya kuripoti kukatika kwa umeme. Usiukaribie waya ulioanguka, hata kama unaonekana hauna umeme.

## Hali zisizo za kawaida

24. Helm unaweza kuvuma bila wingu?

Unaweza. Hewa ikiwa kavu mno, hupanda na kushuka bila kufanya wingu lolote, si kileleni wala kwenye Bar. Hapo dalili pekee ni upande wa upepo na mngurumo, na ramani ya swali la 16 inakuwa na thamani kuliko macho.

25. Dhoruba Arwen ilikuwa Helm?

Arwen, iliyopiga tarehe 26 na 27 Novemba 2021, ilikuwa dhoruba kamili ya mgandamizo mdogo yenye upepo wa kaskazini. Kituo cha Brizlee Wood, Northumberland, kilipima mvumo wa maili 98 kwa saa. Funzo lake kwa vijiji vya Pennines ni la upande: miti iliyoota ikijizatiti dhidi ya upepo wa kusini-magharibi ilisukumwa kutoka upande ambao mizizi yake haikuuzoea, ikaanguka kwa wingi. Mti mkubwa ulio kaskazini mwa nyumba yako unastahili kukaguliwa sawa na ule wa magharibi.

26. Je, Helm ni sawa na kaskazi ya pwani ya Afrika Mashariki?

Zinafanana upande zinakotoka, basi. Kaskazi ni upepo wa msimu unaotawala bahari nzima, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndio uliovusha majahazi kutoka Ghuba na Oman. Helm ni wa ukanda mwembamba chini ya mlima mmoja, na hauna tarehe ya kutegemewa.

27. Nikifunga kipimaupepo changu nyumbani, kitanisaidia?

Kitasaidia ukikiweka mahali palipo wazi, juu ya paa na mbali na bomba la moshi, na ukikitumia kulinganisha siku na siku. Usilinganishe namba zake moja kwa moja na za Met Office, kwa sababu iliyotolewa katika swali la 6. Andika upande wa upepo na hali ya wingu la kileleni kila unaposoma kasi. Baada ya machipuko mawili au matatu utakuwa na rekodi ya uwanja wako mwenyewe, ambayo hakuna modeli inayoweza kukupatia.